Kujieleza Si Kujisifu

Aghalabu kijana anapokosa kazi husemwa kwamba hana ujuzi. Miezi mitatu tuliyokaa Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, ilituonesha upungufu wa namna nyingine: ujuzi upo, ila mwenye nao hana ulimi wa kuueleza.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro. Yamekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, yalipowapokea watu waliokimbia Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri nchini. Kwa hiyo kumfundisha kijana kazi mahali pale si kumpitishia wakati. Riziki anaweza kuitafuta kwa haki, na aila yake inamtazamia.

Sisi tulikuwa wanawake wawili kutoka Tanga, mmoja fundi cherehani, mwingine karani wa hesabu. Wenzetu katika kujitolea walikuwa Mganda, Mjerumani na Mfilipino. Asubuhi tulifundisha kupima, kukata na kushona, pamoja na kuandika daftari la mapato na matumizi. Alasiri ilikuwa zamu ya barua za kuomba kazi na mazoezi ya usaili.

Hapo ndipo tulipotofautiana. Mwenzetu Mjerumani aliwataka wanafunzi wamtazame mwajiri machoni na wataje ubora wao bila kusita. Kwake yeye, anayetazama chini huenda anaficha jambo. Binti mmoja wa Kisomali aliinamisha kichwa, akanyamaza. Kijana wa Kikongo, ambaye mshono wake tuliuonesha darasa zima kuwa mfano, alipoulizwa anajua kazi gani alijibu, "Najaribujaribu tu, mwalimu." Katika malezi yao, kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu, na kujisifu ni kibri.

Jioni tulijadiliana kwa kirefu. Sisi tulisema kwamba adabu ile ni mali waliyotoka nayo makwao, na waliobeba ni wachache mno kuliko walivyoacha. Mjerumani akatujibu kwamba mwajiri atayaamini hayo maneno ya "najaribujaribu," na kijana atarudi kwa mama yake mikono mitupu. Hatukuweza kulikataa hilo. Mganda akatukumbusha kuwa waajiri wa Mbarara nao wana adabu zao. Asiyesalimia vizuri hasikilizwi, hata awe hodari namna gani.

Ufumbuzi ulitoka kwa yule binti. Kesho yake aliuliza, "Mwalimu, mbona Nabii Yusuf alijieleza?" Akawasimulia wenzake jinsi Yusuf (a.s.), mgeni katika nchi ya watu na aliyetoka gerezani, alivyomwambia mfalme kwamba yeye ni mlinzi mwaminifu na mwenye ujuzi, akaomba asimamie hazina ya nchi. Hakutia chumvi, alitaja amana na elimu, mambo ambayo nchi ile iliyahitaji wakati ule.

Tangu siku hiyo tulibadili somo. Mfilipino alishauri kila mmoja aje na kazi ya mikono yake, aeleze ameifanyaje, ameifanya mara ngapi, na nani anaweza kumshuhudia. Kijana wa Kikongo alisimama na shati la sare mikononi. "Nimeshona kama hizi thelathini na mbili," alisema, "na hakuna iliyorudishwa." Macho yake yalikuwa kwenye pindo la shati, lakini sauti haikutetereka. Mjerumani alikubali kwamba hilo latosha.

Tulipoondoka, kijana huyo alikuwa amepokewa kwa majaribio na fundi mmoja wa sokoni. Wengine walikuwa bado wanatafuta.

Wazazi wenzetu, tunawafunza watoto kunyamaza mbele ya wakubwa, na tunafanya vyema. Lakini mtoto anaposuka ukili, anapopika au anapotengeneza baiskeli, tumuulize amefanyaje, kisha tumwache amalize kusema.