Paseli ya Mama kando ya barabara ya Kasongo

Mjomba wangu aliishi Salamabila, mashariki mwa Kongo, sehemu kubwa ya maisha yake bila kumiliki hata hatua moja ya ardhi pale, na wakati ule hakuna aliyeona ajabu. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa dhahabu wa Namoya, enzi za kampuni ya SOMINKI, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya kampuni: kuta za matofali, paa la bati, baraza mbele. Bati likivuja, kampuni ilituma mtu kuliziba. Sisi watoto, tukija likizo kutoka Kasongo, tulimwona mjomba tajiri. Mama aliitazama nyumba ile kwa jicho jingine. Mchana mmoja, tukiwa tunakula, alimuuliza, "Kaka, siku ukistaafu utalala wapi?" Mjomba akamjibu kwamba kampuni kubwa namna ile haifi.

Lazima niseme hapa kwamba Mama alikulia Kasongo, na Kasongo ni mji wa namna nyingine kabisa. Ule ulikuwa mji tangu zama za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, kabla Wabelgiji hawajauteka mwaka 1893. Baadaye ukapata misheni, hospitali na shule. Watu wake wanajua kiwanja kipi kilikuwa cha babu wa nani, mpaka unapita kwenye mwembe gani, na ugomvi wa urithi unaamuliwa na wazee wanaokumbuka. Salamabila ilikua kutokana na mgodi. Namoya ilianza kuchimbwa wakati wa ukoloni, na mwaka 1976 SOMINKI ikaundwa kwa kuunganisha kampuni kadhaa za madini za Kivu na Maniema. Aliyekuja pale alikuja kufanya kazi. Kujenga, alijenga kwao.

Halafu kampuni ikaanza kudhoofika. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliruhusu wananchi kuchimba na kuuza dhahabu, na vijana wakamiminika milimani na sululu zao. Mwaka 1985 bei ya madini ya bati ikaanguka duniani, na SOMINKI, iliyoyategemea madini hayo kuliko dhahabu, haikuinuka tena. Mshahara wa mjomba ulichelewa, ukapungua, kisha ukakatika. Hakuna aliyekuja kumtoa nyumbani, wala hakuna aliyekuja kuziba bati. Mwaka 1996 Banro, kampuni ya Kanada, iliinunua SOMINKI. Vita vilianza mwaka huohuo. Mwaka 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikaipokonya Banro vibali, na vita vya pili vikafuata. Katika miaka ile yote nyumba za kambi zilibadilisha wakazi, zikagawanywa vyumba, nyingine zikauzwa na watu waliozikuta tupu. Soko la nyumba Salamabila lilianza hivyo, bila mwenye mali kujulikana.

Mama alihamia huko vita vilipopungua, baada ya 2003, akiuza chumvi, sabuni, mafuta ya mawese na vitenge. Mafuta yalitoka upande wa Kasongo kwa baiskeli, yakisukumwa na vijana kwa siku kadhaa, madumu yamefungwa pande zote mbili. Wateja wake walikuwa wachimbaji, mapediji, yaani wakuu wa mashimo waliowalipia chakula, na akina mama watwangaji walioponda mawe kwenye vinu vya chuma. Dhahabu ilipimwa kwenye mizani ndogo ya mkono, na kipimo kilikuwa vijiti vya kibiriti. Wanunuzi wakubwa ndio waliohesabu kwa tola, yaani gramu 11 na ushei. Hata kodi ya chumba ililipwa hivyo, tena kwa wiki, kwa sababu mchimbaji hajui wiki ijayo atakuwa shimo gani.

Chumba chenyewe kilikuwa cha miti na potopoto, paa la nyasi. Nani angejenga kwa matofali mahali ambapo kila mtu yuko njiani? Hata hivyo, Mama alitaka paseli, yaani kiwanja chake mwenyewe. Mjomba alimshauri achukue karibu na mlima, ambako vibanda vilikuwa vimebanana na mpangaji hakosekani. Mama alikaa kimya majuma kadhaa akiuliza mambo mengine: maji yanachotwa wapi kiangazi, lori likikwama kwa mvua linakwama wapi, soko la siku kubwa linaanzia wapi. Mwishoni alinunua kipande kando ya barabara iendayo Kasongo, mbali na mashimo, mahali ambapo wengi walimwonea huruma. Alilipa kidogo kwa fedha, kidogo kwa mbuzi, na shefu wa kijiji akaandika karatasi. Mashahidi walitia sahihi, asiyejua kuandika akatia kidole gumba. Karatasi ile ameihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Wakati huo Banro ilikuwa imesharudishiwa haki zake kwa makubaliano na serikali, na watafiti walirudi Namoya kutoboa miamba. Wengi wetu hatukuelewa maana yake mpaka mitambo ya ujenzi ilipoanza kufika. Nadhani hakuna kipindi Salamabila ilibadilika haraka kama miaka ya 2012 na 2013. Malori yalipita barabara ya Lulimba yakileta vyuma na saruji. Walikuja madereva, wachomeleaji, wapishi, walinzi, makarani, watu wa Bukavu, Uvira, Kindu, wengine kutoka Katanga. Wote walihitaji kulala, tena hawakutaka nyasi. Walitaka sakafu ya saruji, mlango wenye kufuli, choo chao wenyewe, na taa.

Mama akaanza kuchoma matofali. Alijenga vyumba vya mstari mmoja chini ya paa moja la bati, kisha akaongeza vingine vikiangaliana navyo, ua katikati. Kodi ikawa ya mwezi na ya dola. Garanti, yaani kodi ya kutanguliza, ilianza kwa miezi mitatu, ikafika sita, na bado mpangaji aliomba asipewe mwingine chumba chake. Fundi wa matofali aliyekuwa akibembeleza kazi sasa alibembelezwa. Mfuko wa saruji ulipanda bei kila mvua ilipoharibu barabara, na bei hiyo haikushuka barabara ilipokauka.

Ndipo wakaja wanunuzi wa paseli. Wengine hawakuwahi kulala Salamabila usiku mmoja. Walituma ndugu na fedha, wakanunua vipande mlimani na mabondeni, wakaweka mawe ya mpaka wakaondoka. Hesabu yao ilieleweka: mgodi wa viwandani unajengwa, utadumu miaka mingi, mji utakua, paseli itazaa mara kumi. Ninaelewa pia kwa nini iliwavutia. Mwaka 2011 dhahabu ilikuwa imefika karibu dola 1,900 kwa wakia. Lakini dhahabu ya kwanza ya mgodi ilipomiminwa Desemba 2013, bei ilikuwa imeteremka hadi karibu dola 1,200, na uzalishaji wa kibiashara haukutangazwa mpaka Januari 2016. Wakati wote huo kampuni ilikuwa ikilemewa na madeni. Aliyenunua paseli Salamabila alikuwa amenunua pia bei ya dunia, deni la kampuni na usalama wa barabara ya Lulimba, ingawa katika karatasi ya shefu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa.

Halafu lipo suala la ardhi yenyewe, na hili linanichoma kuliko bei. Kwa sheria ya Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni ya Dola. Raia anaweza kupewa haki ya kudumu juu ya kiwanja, nayo huthibitishwa na cheti cha usajili. Cheti hicho kikipita miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu sana kukitikisa. Karatasi ya shefu haifiki huko. Inasema tu kwamba fulani amemwachia fulani, na kijiji kimeona. Kwa ardhi zinazokaliwa kwa mila, sheria ileile iliahidi kwamba Rais angetoa amri ya kuziongoza, na miongo ikapita bila amri hiyo. Huku kibali cha mgodi wa Namoya kina mipaka, namba na ramani. Yule aliyelima pale tangu enzi za babu yake alikuwa na mashahidi. Kampuni ilikuwa na viwianishi vya ramani. Walipokaa meza moja kuzungumzia kuhamishwa na fidia, hawakuwa na uzito mmoja, na hasira nyingi za miaka iliyofuata zilitokana na hapo: mashimo yaliyofungwa kwa wachimbaji wadogo, ajira walizozisubiri vijana wa mahali, mashamba yaliyohesabiwa kwa namna ambayo wenyewe hawakuikubali.

Kundi la Mai-Mai Malaika lilisimama juu ya hasira hizo. Mwaka 2018 mapigano yaliingia Salamabila, watu wakakimbilia porini na kuelekea Kasongo. Misafara ya malori ilishambuliwa au kuzuiwa upande wa Lulimba. Julai 2019 wafanyakazi wanne wa mgodi walitekwa nyara, na Septemba mwaka huo Banro ikatangaza kusimamisha kazi. Vyumba vya Mama vilikuwa tupu kabla mwezi haujaisha. Wapangaji wengine waliacha magodoro, wakisema watarudi.

Wale wanunuzi wa mbali waliuza kwa bei yoyote. Walioathirika zaidi, kwa niliyoyaona, ni waliokopa kwenye likirimba, yaani vikundi vya kuchangiana fedha, au kwa wafanyabiashara ili wajenge nyumba za mtumishi wa kampuni: vyumba vikubwa, vigae, ukuta wa uani, mbali na soko na mbali na maji. Nyumba ya aina hiyo hakuna mchimbaji anayeweza kuipanga, na ukiigawa inaharibika. Vyumba vya Mama, vya kawaida, vilijaa upya baada ya miezi kwa wachimbaji waliorudi milimani. Kodi ikarudi kuwa ya wiki. Mwaka 2020 dhahabu ilivuka dola 2,000, na mgodi baadaye ukapata wenyewe wapya kutoka China, lakini Mama hakupandisha garanti tena. Alifungua milango miwili ya mbele ikatazama barabara, akaviondoa vitanda, akapangisha maduka. Leo maduka hayo mawili yanalipa kwa utulivu kuliko vyumba vyote vya nyuma.

Watu wa familia huniuliza kama inafaa kuweka fedha Salamabila. Ninawajibu kwamba inafaa, mradi wajue wananunua nini. Mji una watu, una chakula kutoka Wamaza na Kasongo, una vijana wanaojua kazi za chuma na umeme waliojifunza mgodini. Mfano upo Tanzania: Geita nayo ilikuwa sehemu ya dhahabu ya tangu ukoloni. Mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2000, mwaka 2012 Geita ikawa makao makuu ya mkoa, na lami inaiunganisha na Mwanza. Pale nako wapo waliolalamikia fidia na mashimo. Lakini viwanja vilipimwa, ofisi zikajengwa, na mtu mwenye hati anaweza kuipeleka benki. Salamabila dhahabu ipo vilevile. Inakosa barabara na upimaji.

Na fedha za upimaji si ndoto. Kanuni ya Madini ya Kongo iliyorekebishwa Machi 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa mamlaka za mitaa za mahali madini yanapochimbwa, na asilimia 25 kwa mkoa. Juu ya hapo, kampuni inatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Kwa sehemu ndogo tu ya mgawo huo mtu angeweza kuchora mitaa ya Salamabila, kutenga nafasi ya soko, shule na mfereji wa maji ya mvua, kabla nyumba hazijabanana kiasi cha gari la wagonjwa kukosa njia. Kila mkutano wa hadhara niliohudhuria pale, watu walidai kazi na shimo. Natamani wadai ramani kwa sauti ileile.

Mama sasa ni mzee, na mwaka uliopita mfanyabiashara mmoja alitaka kununua paseli yote kwa fedha taslimu. Ndugu zangu waligawanyika. Mdogo wangu alitaka tuuze, tujenge Kindu, mahali ambapo ofisi zipo karibu. Tulimaliza siku mbili tukibishana, Mama akisikiliza. Mwishoni alisema, "Wanangu, nyinyi mnabishana bei. Yule anaijua barabara." Hatukuuza. Tumeamua kuomba ipimwe rasmi, ile karatasi ya kwenye kopo iwe kielelezo cha kwanza, na tumewashawishi majirani wa upande wetu wa barabara waombe pamoja nasi ili mpima aje mara moja kwa wote. Anadai nauli ya pikipiki, chakula cha wasaidizi wake na mawe ya mipaka. Gharama tumekubaliana kuigawana kwa mita za uso wa barabara, kila mmoja alipe kwa kadiri paseli yake inavyotazama njia, na wajane wawili waliomo wamelipiwa na wenye maduka.