Barafu Inatuliza, Haiungi Mfupa

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Kamituga, Misisi ao Twangiza, unajua namna miguu inavyovunjika kwetu. Udongo unaanguka shimoni, jiwe linabingirika, pikipiki inateleza kwenye matope. Wengi wanaletwa Bukavu kupasuliwa. Lakini upasuaji ukiisha, kazi ya jamaa ndiyo inaanza: maumivu na uvimbe.

Mimi nimepita njia hiyo. Nilianguka kwenye mtelemko hapa Bukavu, mfupa wa muundi ukavunjika, waganga wakaufunga kwa chuma na skurubu. Siku ya pili mguu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Mama mudogo wangu akaja na termosi ya maji ya moto. "Mwanangu, tukukande, damu itembee." Kwetu kukanda ni upendo. Muuguzi akamujibu kwa heshima: "Mama, moto unapanua mishipa, uvimbe utazidi. Siku hizi za kwanza tunatumia baridi. Baridi inapunguza damu inayokimbilia pale, tena inatuliza mishipa inayopeleka habari ya maumivu."

Sasa barafu itoke wapi? Mtaani kwetu umeme unakuja na kwenda. Jirani mwenye frigo akatugandishia vifuko vya maji, kama vile watoto wanavyouza barabarani. Hivi ndivyo tulivyofanya, nawe unaweza kufuata munganga wako akikubali:

Funga barafu ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, kisha uzungushie kitambaa kikavu. Usiiweke juu ya ngozi tupu, maana baridi nayo inaunguza. Iache dakika 15 mpaka 20, uiondoe, ungoje saa moja ao mbili kabla ya kurudia. Kidonda na plasta visiloane. Na mguu ulale juu ya mito, upite kimo cha moyo; hiyo haiombi umeme wala feza. Mwenye kisukari, ao mwenye mguu usiosikia vizuri, asiweke barafu bila kuuliza, kwa sababu hatajua inapomuunguza.

Lakini tusiipe barafu sifa isiyo yake. Munganga Mmarekani Gabe Mirkin ndiye aliyeeneza, mwaka 1978, shauri la kupumzisha, kuweka barafu, kukaza bandeji na kuinua kiungo kilichoumia. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Basi, itumie kupunguza maumivu, si kuharakisha mfupa. Mfupa unaungwa na wakati, chakula kizuri na kutii masharti ya munganga.

Tena kuna maumivu ambayo si ya kuvumilia. Vijana wa machimbo, ninyi mumezoea kusema "mwanaume halii". Sikilizeni: kama maumivu yanazidi hata baada ya dawa, kama mguu umekaza kama jiwe, kama vidole vinakufa ganzi, vinapauka, ao mutu akivinyoosha unapiga kelele, ondoa barafu na ukimbie hospitali, hata usiku. Uvimbe wa ndani unaweza kufungia nyama njia ya damu, na kwa saa chache tu nyama hiyo inaanza kufa. Mutu anaweza kupoteza mguu ambao mfupa wake ulifungwa vizuri. Vilevile usingoje ukiona usaha, homa, ndama ya mguu inauma na kuvimba, ao pumzi inakuwa fupi.

Kwa hiyo kabla ya kutoka Bukavu, uliza munganga maswali matatu: Niweke baridi wapi na mara ngapi? Nirudi siku gani? Shida ikitokea kule machimboni, niende kituo gani cha karibu? Andika majibu kwenye karatasi. Na njiani usiuache mguu unaning'inia kwenye pikipiki siku nzima. Tafuta gari, unyooshe mguu, upumzike. Barabara ya Kamituga ni ndefu, na mguu uliotengenezwa juzi hauijui haraka yako.