Tasa la Safari



Mlionizoea katika ukurasa huu mnajua kuwa shughuli yangu ni nasaba, barua kuukuu na picha za wazee wetu. Leo niwieni radhi, nitazungumzia vyombo vya kubebea chakula cha mchana. Aliyenitia katika maneno haya ni mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka minane. Siku ya Idi alilifungua kabati la kioo lililo ukumbini kwangu, akavihesabu vyombo kimoja kimoja hadi 63, kisha akaniuliza mbele ya wageni: "Babu, mbona vyote vitupu?" Wageni walicheka, nami nikacheka nao. Usiku sikupata usingizi.

Vingi katika hivyo 63 ni vya Kijapani. Wajapani huita bento chakula anachofungiwa mtu akaenda nacho kazini, skuli au safarini, na kisanduku chake hubeba jina hilo hilo. Wana hadi bento za vituo vya treni. Husimuliwa kwamba ya kwanza iliuzwa mwaka 1885 katika kituo cha Utsunomiya, nayo ilikuwa matonge mawili tu ya wali yaliyofungwa kwa gamba la mwanzi. Na Japani si ngeni sana kwa nchi hii tunayoishi. Sultan Taimur bin Faisal, baada ya kuuacha utawala mwaka 1932, alikwenda kuishi Kobe na akaoa huko. Lakini mimi sikuingia katika jambo hili kwa mlango wa masultani.

Mwaka 1996 nilikuwa karani wa hesabu katika afisi ya wakala wa meli, Matrah. Alikuja kwetu mhandisi wa Kijapani aliyekuwa akiishi Maskati na mkewe, tukakaa naye siku tatu tukilinganisha hati za mizigo. Ilipofika adhuhuri sisi tuliagiza biriani. Yeye alitoa katika mkoba wake furushi dogo la kitambaa cha buluu, akalifungua fundo lake taratibu, akakitandaza kitambaa juu ya meza pale pale penye hati zetu. Ndani mlikuwa na kisanduku cha mbao chenye umbo la yai. Wali upande mmoja, kipande cha samaki wa kuchoma, yai lililokunjwa tabaka kwa tabaka, mboga za kijani kidogo. Aliikutanisha mikono, akainamisha kichwa, akala bila ya haraka hadi punje ya mwisho. Hakuna aliyecheka. Hili nalitaja kwa sababu, na sababu yake nitaieleza.

Alipomaliza kazi yake nasi alinijia na furushi lile lile. Nilidhani amekuja kuniaga na chakula chake mkononi. Kumbe alikuwa amegundua jinsi nilivyokuwa nikikitazama kile kisanduku, akakiosha, akakikausha, akanipa. Hicho ndicho nambari 1 katika daftari langu.

Baadaye nilijifunza kuwa ni kazi ya mafundi wa mji wa Odate, katika jimbo la Akita. Huchukua mti wa sugi, unaofanana na mwerezi, wakaupasua mbao nyembamba, wakazilainisha katika maji ya moto na kuzikunja, kisha ncha mbili zikashonwa kwa gamba la mti wa cheri. Hakuna msumari. Mbao ile isiyopakwa rangi huunywa unyevu wa wali, kwa hivyo wali uliofungwa alfajiri haurojeki mchana. Nilipokisoma kisa hicho nilikumbuka vikapu vyetu vya ukindu na majani ya mgomba, ambavyo navyo huacha chakula kipumue.

Nambari 7 ni ya alumini, ya mstatili, nyembamba kama kitabu. Kifuniko chake kina vidoa na vishimo katikati. Mpwa wangu, anayefanya kazi katika ndege, aliniletea kutoka Tokyo na akaomba radhi kuwa kimeharibika. Nikamwambia uharibifu huo ndio thamani yake. Zamani watu wengi walibeba wali mweupe na tunda moja tu la ume katikati, lililowekwa chumvi, chachu kuliko ndimu. Jekundu juu ya jeupe, kama bendera yao. Uchachu ule, siku baada ya siku, uliila alumini. Kwa hiyo nilicho nacho mkononi ni chakula kile kile cha mtu nisiyemjua, kwa miaka, kimeandikwa juu ya bati.

Vifaa vidogo vidogo nimeviweka katika droo, na hapa wajukuu ndipo wanapoponea. Kuna vichupa vya plastiki vyenye umbo la samaki, vya kutilia mchuzi wa soya, kofia nyekundu puani. Kuna vikombe vya kutenganisha vyakula, vijiti vya kuchomea zeituni, na vyuma vya kukatia mwani ukawa macho na masharubu ya paka. Kuna pia majani ya kijani ya plastiki, yaliyokatwa meno kama nyasi, ambayo wengi huyatupa. Hayo ni wajukuu wa jani la kweli: wapishi wa Kijapani walikuwa wakitenganisha vyakula kwa majani ili ladha zisichanganyike na chakula kisichache upesi. Bibi zetu walilijua hilo pasipo kiwanda.

Kwa wanaotaka kukusanya, nina nasaha mbili tu. Tazameni chini ya chombo, kwani vipya vingi vimeandikwa ujazo wake kwa mililita, na cha mililita 600 kinamtosha mtu mzima asiye mlafi. Kisha utazameni mpira wa kifuniko. Huo ndio hufa kwanza, na chombo kisicho na mpira wake ni pambo tu. Bei msiniulize, mke wangu husoma ukurasa huu.

Maneno nayo yalinishughulisha, kama ilivyo ada yangu. Kile kitambaa cha kufungia Wajapani hukiita furoshiki. Sidai kuwa kina undugu na furushi letu. Ni sadfa, ingawa ni sadfa tamu. Undugu wa kweli uko kwengine. Vile vyombo vya ghorofa, bakuli juu ya bakuli, vinavyobanwa kwa vibanio na kushikwa kwa mkono mmoja juu, Iraki na Kuwait huviita safartas, nao wamelipata neno kwa Waturuki. Ligaweni neno hilo mara mbili, nanyi hamtahitaji kamusi: safari, na tasa. Tasa la safari.

Kwetu kulikuwa na kimoja. Cha bati, ghorofa tatu, cheupe chenye mzunguko wa maua mekundu. Marehemu baba alikibeba bandarini Unguja, na sisi tulipokuja Maskati mwaka 1974, baada ya Sultan Qaboos kuwafungulia mlango Waomani waliokuwa ng'ambo, mama alikitia katika sanduku la nguo, kila bakuli amelijaza iliki na karafuu ili nafasi isipotee bure.

Mwaka 1979 nilipata kazi yangu ya kwanza, katika afisi moja mjini Ruwi. Mama alinifungia: chini maharage ya nazi, katikati chapati, juu samaki wa kukaanga na achari ya embe. Alikiacha chakula kipoe kabisa kabla ya kukifunika, kwa kuwa mvuke ukifungiwa ndani, katika joto la huku, chakula hakifiki saa sita. Nilikibeba wiki mbili. Siku moja nilipokifungua, mwenzangu mmoja, naye ni mtu wa kabila letu hasa ila wazee wake hawakuwahi kuvuka bahari, aliinua pua akasema kwa Kiarabu: "Zinjibar imewasili." Chumba kizima kikacheka. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha chuoni, kimenyooka kama kitabu na kina lafudhi ya pwani, na kila nilipofungua kinywa nilijua wanasikiliza lafudhi, hawasikilizi neno. Sasa hata nazi ilikuwa ikinisemea.

Jioni nilimwambia mama: "Mama, usijisumbue tena kunifungia. Afisini pana mkahawa."

Alisema: "Haya, mwanangu."

Mkahawa haukuwapo. Nilikula mkate na laban, nimesimama, dukani, muda wa miaka kadhaa. Mama alifariki mwaka 1988, wala hatukulizungumza jambo hilo tena. Yule mhandisi alipotandaza kitambaa chake juu ya hati zetu mwaka 1996, nilikuwa na umri wa miaka 37, na nilimtazama kama mtu anayetazama mwenziwe akipita katika mlango ambao yeye aliambiwa umefungwa.

Baada ya kustaafu, nilipoanza kuandika daftari la vyombo vyangu, nilijua kuna pengo. Tasa la mama lilikuwa kwa mdogo wangu wa kike, Birmingham. Nilimpigia simu nikamwomba aniletee atakapokuja, liwekwe kabatini pamoja na mengine, na wajukuu walione. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, wewe si ulilikataa?"

Sikuwa na jawabu. Yeye akaendelea, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniambia kuwa baada ya jioni ile mama hakuacha. Kila alfajiri alilijaza tasa kama kawaida, ghorofa zote tatu, akaliweka juu ya kibao cha mbuzi karibu na mlango. Akisema: pengine leo atalichukua. Mimi nikishatoka, alimpa yeye, akaenda nalo skuli, akala na wenziwe. Iliendelea hivyo hadi skuli zilipofungwa.

Nami nililiona. Hilo siwezi kulificha. Kila asubuhi nilipita pale nikivaa viatu, na tasa lilikuwapo juu ya kibao cha mbuzi, likinukia. Nilidhani ni la mtoto wa skuli.

Mdogo wangu bado analitumia. Mumewe alilibeba kazini miaka ishirini, na sasa yeye hulipelekea jirani mgonjwa supu. Nimemwambia akae nalo, ni haki yake. Mimi nimekusanya vyombo vya watu, yeye amekula ndani ya chetu. Nilimwomba jambo moja tu, anipimie. Alicheka, akachukua utepe wa cherehani, akanisomea kwa simu nami nikiandika: urefu sentimita 27 pamoja na mkono wake, upana 14, vibanio viwili, kimoja kimefungwa kwa waya, bati limebanduka ubavuni mwa bakuli la chini.

Nimeliingiza kuwa nambari 64. Mahali lilipo: Birmingham. Hali yake: linatumika. Katika safu ya mwisho, ambapo kwa kila chombo huandika nimekipata kwa nani na lini, niliandika jina la mama na mwaka 1979, kisha nikakumbuka kuwa mimi ni karani na daftari halitaki uongo, nikaifuta ile "nimekipata" na kuandika juu yake "nilifungiwa".