Kiyoyozi cha Ghorofa ya Nne

Jumanne, 16 Aprili 2024

Leo nimejaza fomu ya kuomba kiyoyozi chumbani kwa mwaka ujao wa masomo. Ukurasa wa kwanza ndio ulionichelewesha: pana kisanduku cha kutia alama kwamba una ulemavu. Tanga mimi ni mtoto anayeumwaumwa, na kwa wachache wanaojua, mtoto mwenye selimundu. Ulemavu hakuna aliyewahi kunitajia. Lakini hapa Massachusetts haki ya kuomba inapitia mlango huo. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, iliyopanuliwa 2008, inamlinda mtu ambaye mwili wake unamkwamisha katika mambo makubwa ya maisha, na kulala kumetajwa humo kwa jina. Nilipoona kulala, nikatia alama.

Bweni letu la matofali lilijengwa kabla ya mambo ya viyoyozi. Kuleta chako mwenyewe ni marufuku, kwa kuwa nyaya ni za zamani na vyumba vyote vikiwasha kwa pamoja umeme hautahimili. Asiye na sababu ya kitabibu atumie feni. Hilo naliona ni haki.

Ijumaa, 3 Mei

Wamerudisha ombi. Barua ya daktari ilikuwa na mistari miwili: mgonjwa ana selimundu, na kiyoyozi kingemfaa. Wamejibu kwa adabu kwamba ubaridi unamfaa kila mtu. Wanataka waelezwe joto linanifanya nini hasa, na kwa nini feni haitoshi.

Nimelia, kisha nimelisoma tena jibu lao. Swali lao ni la haki. Kilichoniuma zaidi ni mwanafunzi mwenzangu niliyemsimulia wakati wa chakula, akashangaa: "Lakini si umetokea Afrika?" Nilishindwa kumjibu pale pale, basi namjibu hapa. Kwetu dirisha linatazama bahari, na usiku upepo unaingia. Mchana wa joto kali bibi analaza watoto barazani, anawaletea maji ya mtungi, na hakuna anayemwuliza mtu kwa nini amejilaza. Hapa niko chini ya paa lililokula jua kutwa, dirisha linafunguka kiganja kimoja tu, na saa nane mchana natakiwa niwe maabara.

Jumatano, 22 Mei

Daktari ameniomba nimwandikie yaliyotokea Septemba iliyopita, siku kwa siku. Naandika kwanza hapa.

Siku ya tatu ya joto, kipimajoto cha mezani kilisoma 91, karibu 33 kwa vipimo vya kwetu, na hiyo ilikuwa saa nne usiku. Nilikunywa chupa mbili za maji, nikaamka mara tatu kwenda msalani, na kila mara mdomo ulikuwa umekauka kama sijanywa kitu. Saa tisa usiku maumivu yakaanza kwenye nyonga ya kushoto. Huanza kama mtu anagonga mfupa kwa kidole, taratibu, kutoka ndani. Baada ya saa moja si kidole tena. Nilishindwa kukunja goti ili nishuke kitandani, na mwenzangu wa chumbani ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Nililazwa siku nne. Mtihani wa kwanza wa kemia nikaukosa.

Jioni nimempigia Mama na kumsomea. Alinyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika. Kisha: "Waandikie yote, mwanangu. Sisi tulikuficha kwa ajili ya maneno ya watu. Hao wanaokuuliza leo wanataka kukusaidia." Sikuwahi kumsikia akisema kwamba walinificha.

Jumanne, 11 Juni

Kliniki. Leo daktari alivuta kiti, akanichorea. Miaka kumi na tisa na ugonjwa huu, na ndiyo mara ya kwanza naelewa zile safari za msalani. Figo za wengi wetu hazishiki maji. Mtu mwingine akipungukiwa, figo zake hubana kilichobaki na mkojo unakuwa mzito. Zangu zinaachia tu. Juu ya hapo kuna jasho. Chembe nyekundu ikipoteza maji, himoglobini iliyomo inasongamana na kushikana kama vijiti, chembe inajikunja umbo la mundu, inaziba mshipa mdogo, na mfupa unakosa hewa. Feni haipoozi chumba. Inasukuma hewa ile ile ya moto na kukausha jasho ninaloendelea kulitoa.

Ameyaandika yote hayo kwenye barua mpya. Ameongeza jambo nisilolitarajia: baridi nayo ni adui, kwa kuwa inabana mishipa. Nisishushe chini ya 75, na hewa isinipulize moja kwa moja.

Kwenye basi nimesoma habari za Walter Clement Noel, kijana wa Grenada aliyekuja Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Ni katika damu yake ndimo zilimoonekana zile chembe ambazo James Herrick aliziandika mwaka 1910, na kitabu cha tiba cha Kimagharibi kikaanzia hapo kuujua ugonjwa wetu. Kumbe mgonjwa wa kwanza katika maandishi yao alikuwa mwanafunzi wa mbali, mtu wa visiwani. Alimaliza masomo, akarudi kwao, akafariki 1916. Nimeteremka kituo cha mbele kwa kumfikiria.

Jumanne, 9 Julai

Wamekubali. Kiyoyozi kimoja cha dirishani, watakifunga wao wenyewe, na barua iwe mpya kila mwaka. Nimemtumia Mama picha ya barua. Amejibu alhamdulillahi, mara tatu.

Alhamisi, 29 Agosti

Fundi alikuja saa nne asubuhi. Alipima dirisha, akakikaza kwa skrubu sita, akaziba pembeni kwa sponji, kisha akaniuliza kitanda kitakaa wapi. Nikamwambia hewa isinipige. Hakuuliza kwa nini. Alinisaidia kusogeza kitanda hadi ukuta wa pili na kugeuza vile vipande vya plastiki vielekee dari.

Mwenzangu mpya wa chumbani angependa 68. Nimemweleza, kuanzia figo hadi mfupa, bila kupunguza. Sauti ilinitetemeka mwanzoni tu. Tumekubaliana 76, naye atakuwa na feni yake ndogo kitandani.

Sasa ni saa tisa usiku. Nimeamka kwenda msalani, nimejaza chupa, nimejifunika kanga ya Mama hadi mabegani na soksi miguuni. Nimekunja goti la kushoto, nikalinyoosha, nikalikunja tena.