Mbao Sita za Mninga

Sisi waandishi chipukizi tuna ugonjwa mmoja. Mhusika akirudi nyumbani tunamkalisha "mezani", akiingia jikoni tunamwegemeza kwenye "kaunta", halafu huyoo, tumeshakimbilia mapenzi na machozi. Meza ya mti gani? Kaunta ya nini? Hatusemi, kwa sababu hatujui. Na mimi nisingejua kama si mbao sita za mninga zilizotugombanisha nyumbani kwetu Temeke. Nivumilie, ndugu msomaji, maana hapa mna ufundi na mna kisa, na sijaweza kuvitenganisha.

Mbao hizo alizinunua marehemu baba mwaka 2009, mbili kwa sita, urefu futi saba, ziwe fremu za milango ya nyumba ambayo haikujengwa. Baba alifariki mwaka 2016. Mbao zikabaki uvunguni mwa kitanda cha mama, ncha zikichomoza kidogo, na kila aliyeingia kufagia alitoka na alama kwenye ugoko.

Mama anauza chapati na maandazi. Miaka yote alikandia unga kwenye meza ya plaiwudi iliyokuwa ikibanduka tabaka kwa tabaka, mpaka ukijisahau unakuta kibanzi ndani ya donge. Siku moja mama mmoja mwenye shule ya chekechea mtaa wa pili akasema anataka chapati mia moja kila asubuhi, ila atakuja kwanza kuliona jiko. Hapo ndipo vita ilipoanza.

Kaka yangu alitaka mbao ziuzwe, halafu jikoni ijengwe kaunta ya saruji na kubandikwa marumaru. "Mama, mninga siku hizi ni hela," alisema. Hoja yake haikuwa ya kijinga hata kidogo. Lakini kaka alikuwa na pikipiki ya mkataba na alikuwa nyuma marejesho kadhaa, na wote pale tulijua kwamba marumaru yangekula nusu ya hela tu. Nusu ya pili haikutajwa. Mama naye hakuitaja. Alisema tu, "Muiteni mjomba wenu."

Mjomba ni seremala, yuko Keko. Kama umewahi kupita pale unaijua Keko: makochi yamepangwa mpaka barabarani, vumbi la mbao limewakalia watu kwenye kope, na kila fundi anaapa kuwa kitanda chake ni mninga mtupu hata kama ni mpaini uliopakwa rangi. Mjomba alikuja, tukamwamkia, akaitikia huku ameshapiga magoti uvunguni. Akavuta ubao mmoja, akaweka jicho kwenye ncha kama mtu anayelenga bunduki, kisha akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Mpwa, huu umekauka," akaniambia. "Ukienda kununua leo utauziwa mninga ambao mwezi jana ulikuwa na majani."

Kumbe miaka ile yote uvunguni ilikuwa kazi! Mbao mbichi zikishaungwa huendelea kukauka, zikanywea, viungo vikaachia, na uso ukajikunja kama daftari lililonyeshewa. Mbao za baba zilikuwa zimeshamaliza utundu wao kimyakimya chini ya godoro. Pembeni mwa mbao mbili palikuwa na ukanda mweupe uliojaa vitundu na unga laini. Hiyo ni kazi ya bungua. Mdudu huyo hupenda ile sehemu ya nje ya mti, lakini kiini cha mninga, kile cha kahawia yenye wekundu, hakukigusa. Mjomba akasema ukanda huo utakatwa wote, tusiuonee huruma.

Nilimuuliza kwa nini watu wanausifu sana mninga. Akanijibu kwamba wenyewe "hauna kiherehere". Maana yake ni hii: ubao wowote huvuta unyevu wa hewa ukavimba, na hewa ikikauka ukanywea. Hauongezeki urefu wa kusema, unaongezeka upana. Sisi wa Dar, wakati wa masika hata chumvi inalia maji, sembuse mbao. Mninga hucheza kidogo kuliko mbao nyingi. Mvule pia ni mgumu na haubabaishwi na maji, lakini ndani yake wakati mwingine mna mawe. Mawe kweli, chokaa iliyoganda ndani ya mti, na msumeno ukiyakuta unapoteza meno. Vumbi lake nalo huwasha pua. Mtiki, kama ule wa Longuza kule Muheza au wa Mtibwa mkoani Morogoro, una mafuta yake ya asili, kwa hiyo unavumilia maji, ila mafuta hayohayo huikataa gundi usipoufuta vizuri kwanza. Mpaini wa Sao Hill ndio saizi ya mifuko yetu wengi. Ni laini, sufuria ikidondoka inaacha kovu. Kama uwezo wako unaishia hapo, weka mpaini na uutunze, hakuna aibu. Na ukinunua mninga mpya, muulize muuzaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Akianza kuchekacheka, ondoka.

Kaka alisikiliza yote hayo amesimama mlangoni na ufunguo wa pikipiki mkononi. Mjomba alipotaja neno gundi, akaondoka.

Mbao tano zilitosha. Baada ya kukata ukanda mweupe na kupiga randa, kila moja ilibaki kama inchi tano, tukapata uso wa sentimita sitini na kitu. Zikapakwa gundi nyeupe, zikabanwa usiku kucha. Kimo hakikupimwa kwa futi. Mjomba alimsimamisha mama mikono ikining'inia, akaweka alama kwenye usawa wa kifundo cha mkono. Anayekanda unga hutumia uzito wa mwili, alisema, na kaunta ikiwa juu mabega ndiyo yanayolipa. Mama alicheka, kwa sababu mabega yake yalikuwa yameshalipa sana.

Kilichonishangaza zaidi ni skrubu. Chini ya kaunta mjomba hakutoboa matundu ya duara. Alitoboa matundu marefu, skrubu ipate nafasi ya kusogea ubao unapovimba na kunywea. Ukiubana kabisa, siku moja utapasuka usiku na utadhani mwizi kaingia. Akaacha pia upenyo mdogo kati ya kaunta na ukuta. Mafuta akayapaka juu, chini na pembeni, na kwenye ncha akarudia mara nyingi, maana ncha za ubao hunywa maji kama mirija. Wengi hupaka juu tu. Upande mmoja ukinywa unyevu na mwingine ukakataa, ubao unajikunja.

Sasa mafuta gani? Mama alitaka ya nazi, yapo ndani na yananukia. Mjomba akakataa, akasema baada ya muda yatachacha. Ya alizeti ni mabaya zaidi, hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Mafuta ya kitani hukauka vizuri, ila kitambaa ulichopakia ukikikunja na kukitupa pembeni kinaweza kujipasha moto chenyewe mpaka kikawaka. Kianike kimetandazwa. Vanishi inang'aa, lakini kisu kikiikwaruza maji huingia chini yake na hayatoki. Sisi tulitumia parafini ya maji, ile inayouzwa duka la dawa kwa watu waliofunga choo. Usiichanganye na mafuta ya taa, tafadhali, utaua watu. Nilipoagiza chupa tano, dada muuzaji alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuipata hata kwa wachumba.

Unapaka kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kila wiki kwa mwezi mmoja, kisha mara moja kwa mwezi. Ukitaka kujua kama wakati umefika, dondoshea tone la maji. Likikaa kama shanga, subiri. Likizama, paka. Sisi tunamalizia na nta ya nyuki iliyoyeyushwa taratibu ndani ya parafini hiyohiyo, kiasi cha nta kimoja kwa mafuta vinne.

Mengine ni ya nidhamu tu. Maji yasilale. Ndoo isikae juu yake. Sufuria ya moto iwekewe kibao chini. Kikaango cha chuma chenye unyevu kikilala hapo, asubuhi unakuta pete nyeusi kama ya wino, maana chuma na maji vimekutana na tanini ya mti. Pete hiyo hupungua kwa ndimu, na ikikaidi unasugua kwa msasa kufuata nyuzi za mbao. Hapo ndipo mninga unapoyashinda marumaru, kwa maoni yangu. Marumaru likipasuka limepasuka, na ile mistari ya saruji katikati hubaki na unga uliooza. Ubao unasugua, unapaka, maisha yanaendelea.

Mwenye shule alipokuja alipitisha kiganja juu ya kaunta kutoka ncha hadi ncha, kisha akauliza swali nililoliogopa. "Mbao si zinaficha vijidudu?"

Nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa mtihani. Nikamweleza kwamba mwaka 1994 mtafiti Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha majaribio ya vibao vya kukatia. Bakteria waliowekwa juu ya mbao walizama ndani na wengi hawakupatikana tena, wakati plastiki iliyochanjwa na visu ilikuwa ngumu kusafisha. Nikaongeza kuwa hiyo haina maana usioshe. Nyama mbichi haikatiwi juu ya kaunta ya mama, ina kibao chake, na kila jioni kaunta hufutwa kwa maji ya moto yenye sabuni na kukaushwa hapohapo. Mwenye shule akamtazama mama, siyo mimi. "Tujaribu wiki moja," akasema. Mpaka leo anachukua.

Pikipiki ya kaka ilichukuliwa na mwenyewe wiki ileile. Nayaandika haya bila raha. Mama alikuwa amempa hela ya mchezo aliyokuwa nayo, haikutosha, na mbao zilikuwa zimeshapigwa randa. Kaka hakukanyaga nyumbani kwa muda mrefu. Watu wa mtaani walisema mama amechagua ubao akamwacha mwana. Mimi naona alichagua sawa, maana chapati mia moja kila asubuhi zinatulisha wote, pamoja na kaka mwenyewe. Lakini silisemi hilo kwa sauti akiwepo.

Usiku, mama akilala, kaunta inakuwa yangu. Naweka kigoda, natandika gazeti wino usimwagike, naandika riwaya mpaka saa sita. Saa kumi alfajiri mama huamka, huyasogeza madaftari yangu kwenye dirisha na kuanza kukanda. Sura ya nne ina alama ya kidole chake cha unga ukurasa wa pili.

Mwezi uliopita kaka alikuja. Alikula chapati nne amesimama, akauliza mafuta hupakwa kila baada ya muda gani, nikamwambia. Kisha akauliza ubao wa sita uko wapi. Uko uvunguni.

"Una bei gani sasa hivi?" akauliza.

Mama alikuwa anageuza chapati. "Ngoja mjomba wako aje," akamwambia, na akamwekea ya tano.