Msimcheke Sapkowski

Waandishi wenzangu tukikaa kupiga soga, jina la Andrzej Sapkowski halikosi kutajwa, na likitajwa watu hucheka. Ndiye Mpolandi aliyembuni Geralt, mwindaji wa mazimwi. Kampuni ya CD Projekt ilipomwendea kutaka haki ya kugeuza hadithi zake kuwa michezo ya kompyuta, ilikuwa tayari kumpa asilimia ya faida. Akakataa. Alitaka pesa zake kwa mkupuo mmoja, akapewa, akaenda zake. Mchezo wa kwanza ulitoka 2007. Wa tatu, uliotoka 2015, umeuza nakala zaidi ya milioni 50. Basi jamaa hucheka: ati mzee aliuza ng'ombe kwa bei ya maziwa!

Mimi sicheki. Miaka ya 1990 kampuni nyingine ya huko Poland ilikuwa imeanza mchezo wa Geralt, ukaishia njiani. Asilimia ya kitu ambacho hakijazaliwa ni pesa ngapi, jamani? Mwenye nyumba akibisha mlango, huwezi kumlipa kwa asilimia.

Nililojifunza kwake ni kwamba haki ya kutohoa riwaya hukatwa vipande kama muwa. Filamu kivyake, tafsiri kivyake, mchezo wa kompyuta kivyake. Unaweza kuitoa kwa miaka mitano au milele, kwa mchezo mmoja au kwa yote itakayofuata. Ukiuza muwa mzima kwa mkupuo, utamu wote ni wa mnunuzi.

Mwaka 2018 mawakili wa Sapkowski walirudi kudai zloti milioni 60 zaidi. Walishika kifungu cha 44 cha sheria ya hakimiliki ya Poland, kinachomruhusu mwandishi kuomba mahakama imwongezee malipo iwapo alicholipwa ni kidogo mno kikilinganishwa na faida ya mnunuzi. Kampuni ilisema haidaiwi kitu. Hata hivyo, Desemba 2019 pande zote mbili zilitia sahihi makubaliano mapya.

Mimi sina kifungu cha 44 cha kukimbilia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hunilinda mapema: haki ya kuruhusu utohozi ni yangu mwandishi, na siwezi kusemwa nimeihamisha bila maandishi yenye sahihi yangu. Ndiyo maana kalamu inakuwa nzito. Nimeletewa mkataba wa riwaya yangu ya kwanza, na ndani yake kuna mstari mmoja na nusu unaompa mchapishaji utohozi wa kila aina, kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa.

"Hiyo ni kawaida tu, dadangu," mhariri aliniambia kwa upole. "Nani atatengeneza gemu ya riwaya ya Kiswahili?"

"Kama hakuna, mbona mnaitaka?"

Alicheka, lakini hakujibu. Nimeuandika upya mstari ule: mchapishaji abaki na kitabu, na utohozi apewe kwa miaka mitatu; zikipita bila kazi yoyote kufanywa, haki inirudie. Na kazi ikifanywa, nilipwe kitu kidogo mwanzoni na asilimia baadaye. Huenda wakakataa, na riwaya niliyoiandika kwa miaka minne ikabaki kwenye kompyuta yangu. Hilo linanitisha, sifichi. Lakini wavulana wa mtaani kwetu hucheza gemu usiku kucha, na siku moja mmoja wao atataka hadithi ya kwao. Akija kubisha, nataka nimfungulie mwenyewe.