Chuo kinafunguliwa Jumatatu, wewe bado uko Liuli!

Kama hukuniona kijiweni mwezi wa tatu, usidhani nilikuwa nakimbia madeni. Niliwaachia nyie foleni, joto na kelele za makonda, nikaenda zangu Ruvuma. Tena siyo Songea mjini, bwana. Kule mwisho kabisa, ambako ukisogea kidogo tu unadondokea ziwani.

Safari yenyewe haikuwa ya starehe. Baba mdogo alinipigia simu kutoka Mbinga: "Mdogo wako amebakiza wiki mbili arudi chuo. Hali, halali, haongei. Njoo uzungumze naye, nyie vijana mnasikilizana."

Huyo mdogo wangu ni binti yake, yuko mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Dar. Matokeo ya semista ya kwanza yalimkuta likizo nyumbani, na somo moja limemwangusha. Sapu inamsubiri mwisho wa mwaka. Mkopo wa Bodi hakupata, ada inatoka kwenye kahawa. Yaani buni aliyouza mzee msimu uliopita imeishia darasani, na bati za nyumba mpya zimeambiwa zisubiri. Sasa unaelewa kwa nini binti chakula hakipiti.

Najua mtanicheka. "Wewe uliyeishia kidato cha nne utamshauri nini msomi?" Kweli kabisa. Mimi chuo nakijua kwa kupita getini. Ndiyo maana nilipofika sikumshauri kitu. Nilimwamkia mama mdogo, nikala ugali na maharage, nikajifunika blanketi mbili. Mbinga kuna baridi, jamani, si mchezo!

Asubuhi mama mdogo akatuita shambani. Machi kule ndiyo wakati wa kutengeneza ngoro. Kwa asiyejua, ngoro ni kilimo cha Wamatengo kwenye miteremko. Ukilitazama shamba kwa mbali unaona mlima umetobolewa mashimo kama sega la nyuki. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari ya kukatizana hadi ziwe miraba, kisha udongo unachotwa katikati ya kila mraba na kuzifunika. Katikati linabaki shimo. Mvua ikipiga, maji yanatulia mashimoni badala ya kuuteremsha mlima bondeni. Zile nyasi zinaoza chini kwa chini, zinakuwa mbolea. Yanaanza kupandwa maharage, na mahindi yanafuata na mvua za mwisho wa mwaka. Hakuna anayerukia mahindi siku ya kwanza.

Mdogo wangu alifunika miraba yake kimyakimya mpaka viganja vikatoa malengelenge. Usiku ule alilala fofofo. Mama mdogo akaniambia pembeni, "Mwanangu, hiyo ni ya kwanza tangu matokeo yatoke."

Siku ya tatu tukateremka Mbamba Bay kwa bibi mzaa mama yake. Ni kilomita 66 hivi, na siku hizi ni lami. Barabara inajikunja kama nyoka, milima inabaki nyuma, joto linaanza kukupapasa, sweta linavuliwa. Halafu ghafla, kona moja, Ziwa Nyasa hilo hapo! Bluu tupu mpaka macho yanachoka. Ng'ambo ni Malawi, kusini ni Msumbiji, na maji hayo yana aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Bibi alitupokea kwa ugali wa muhogo na dagaa wa Nyasa. Binti akamaliza sahani, akaongeza. Mimi nikajifanya sioni.

Lakini kilichomfungua mdomo kilikuwa Liuli, kaskazini kidogo ya hapo. Mbele ya bandari yake kuna mwamba mkubwa ziwani, wenyeji wanauita Pomonda. Wajerumani waliona unafanana na Sphinx wa Misri, wakapaita mahali hapo Sphinxhafen. Tulikaa ufukweni, nikamsimulia kisa ambacho wapenda historia wanakijua.

Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza imeshatangazwa. Habari zimemfikia Mwingereza upande wa Malawi, hazijamfikia Mjerumani wa hapa Liuli. Meli ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu, iko matengenezoni. Tarehe 13 ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaifyatulia mzinga. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani alirukia kimashua, akapiga makasia kwenda kumfokea nahodha mwenzake, kwa sababu walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Alidhani jamaa kalewa! Akaambiwa vita imeanza, na kuanzia sasa wewe ni mateka.

Mdogo wangu alicheka, kisha akanyamaza. Akachorachora mchanga. "Kaka, huyo Mjerumani ndo mimi wa semista ya kwanza."

Ndipo akamwaga yote. Alifika Dar Jumapili usiku, chuo kinaanza Jumatatu. Wiki ya kwanza akahangaikia chumba. Ya pili ikawa ya kusalimiana na kuzoea mji, maana kila mtu alisema vipindi bado havijachanganya. Ya tatu akafungua daftari, akakuta wenzake wanafanya jaribio. Tangu hapo alikuwa anakimbiza basi lililokwisha ondoka.

Wala hakuwa mjinga, msomaji wangu. Vita ilianza, yeye meli yake iko nchi kavu.

Jioni ile tulipanga kwa bibi, kwenye taa. Tiketi ya Jumamosi ikabadilishwa, ikawa Jumatano, maana kutoka Mbinga mpaka Dar ni kilomita 1,000 na ushee, na mwili unahitaji siku ya kushangaa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda ziwani, nusu saa na daftari la lile somo lililomwangusha. Nusu saa tu. Hayo ndiyo maharage, mahindi baadaye. Kulala mapema na kuamka saa kumi na mbili, ili saa ya darasani isije kuwa adui. Fedha ya matumizi igawanywe kwa wiki kabla hajapanda basi. Na akifika, wa kwanza kumwona awe mwalimu wa somo lile, kabla hata ya shoga zake.

Lililobaki alilifanya mwenyewe. Tuliporudi Mbinga alimfuata baba yake uani, akamwambia kwa mdomo wake: "Baba, nilizembea. Kahawa yako sijaitupa." Mzee hakujibu kitu. Aliinuka, akamfungia kilo mbili za kahawa kwenye mfuko aende nazo.

Juzi kanitumia ujumbe: "Nimefika Alhamisi. Hosteli kimya kama kanisa. Mwalimu nimemwona." Sapu bado iko palepale, msomaji wangu, hakuna aliyeifuta. Ila safari hii mzinga ukilia, utamkuta yuko majini.

Na wewe ambaye begi lako bado lipo chini ya kitanda, chuo kinafunguliwa lini vile? Nauliza tu. Mpaka wiki ijayo, tuko pamoja!